Mtoto Akiomba Usichoweza Kumpa: Kwa Anayejitolea Kuwa Baba Krismasi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba amekubali kuvaa mavazi ya Baba Krismasi na kukaa na watoto waliolazwa katika wodi ya hospitali, siku mbili kabla ya sikukuu. Ana maswali saba. Sita ni ya mavazi: ndevu zishikwe na nini, tumbo lijazwe nini, buti ziwe za aina gani. La saba limekuja mwisho kabisa wa ujumbe: "Na mtoto akiniomba apone, nimjibu vipi?"

Naanza na hilo la saba. Ndevu zinaweza kulegea na siku ikaenda vizuri. Jibu hilo likikosewa, mtoto anarudi kitandani na mzigo ambao hakuja nao.

Watoto wengi wataomba mpira, mwanasesere, baiskeli, simu. Hao hawana taabu. Lakini kaa kwenye kiti cha Baba Krismasi, pale watoto wanapopanga foleni, kwa muda wa saa tatu, kila mtoto dakika mbili au tatu, uwapokee watoto 50 na zaidi, na katikati yao atakuja mmoja ambaye utamtambua kabla hajafungua kinywa. Ataacha kuangalia kofia yako. Atashika kifungo cha koti na kuanza kukizungusha, macho yakiwa kwenye vidole vyake, kisha ananong'ona: baba arudi nyumbani. Mama aache kulia usiku. Mdogo wangu apone. Bibi afufuke.

Jibu baya kuliko yote ni lile linalokuja haraka mdomoni: "Ukiwa mtoto mzuri, utapata." Mtoto wa miaka mitatu hadi saba hivi bado anaamini kwamba anachokiwaza na anachokitenda ndicho kinachofanya mambo yatokee. Ukishaifunga afya ya mdogo wake na tabia yake, na mdogo asipone, atajua ni nani wa kulaumiwa: nilikataa kula siku ile, nilimnyang'anya gari lake, kwa hiyo ni mimi. Hatamwambia mtu. Ndiyo maana nasisitiza, hata kwa watoto walioomba mpira tu, yale maneno ya "mzuri" na "mbaya" yaachwe nje ya mlango. Hujui nani kati yao amekuja na ombi la pili moyoni.

La pili kwa ubaya ni "nitajaribu" na ndugu yake "tutaona". Wewe unamaanisha labda. Mtoto anasikia ndiyo. La tatu ni kuhamisha mazungumzo: "Sawa, na kitu cha kuchezea je?" Hapo umemwambia kwamba jambo lake ni zito mno hata kwa Baba Krismasi.

Fanya hivi. Kwanza rudia alichosema kwa maneno yake mwenyewe, usiyapambe. Akisema "Neema apone tumbo", sema "Unataka Neema apone tumbo." Nyamaza ukihesabu moja hadi tatu kimoyomoyo, maana mara nyingi sentensi ya pili ndiyo ombi lenyewe. Kisha itaje hisia unayoiona: unamwonea huruma, unamkumbuka sana, unaogopa. Halafu useme mpaka wako waziwazi: "Mimi na wasaidizi wangu tunatengeneza vitu vya kuchezea. Kumponya mtu siwezi. Madaktari ndio wanaoifanya kazi hiyo, na wanaendelea nayo." Kama ni ugonjwa, kifo au wazazi kutengana, ongeza, "Na si kosa lako, mjukuu wangu. Hukufanya kitu kilicholeta haya." Mtazame usoni unapolisema hilo. Baada ya hapo muulize kitu kimoja anachopenda kufanya na huyo mtu, umwache asimulie, nawe usikilize hadi mwisho. Malizia kwa kumshukuru kwamba amekuambia, na umwahidi jambo moja tu ambalo liko mikononi mwako: "Nitalikumbuka ulilosema."

Yote hayo huchukua dakika nne au tano. Watu hushangaa kwamba mtoto aliyeambiwa "siwezi" anaondoka ametulia, mabega yamelegea. Alishajua kwamba huwezi. Alitaka mtu mzima alisikie bila kushtuka.

Kwa aliyefiwa, tumia neno "kufa". Usiseme bibi "amelala", kwa sababu mtoto mdogo anaweza kuanza kuogopa kulala. Wala "amesafiri", maana atasubiri arudi. Kama familia ina maneno yake ya imani na mtoto akayatumia, yapokee kama yalivyo. Hukuja kufundisha dini wala kuipinga.

Na yule wa wodini anayeomba apone yeye mwenyewe? Usimwambie atakuwa nyumbani siku ya Krismasi. Usimuulize anatoka lini. Usiseme "pona haraka", kwani kuna ambao hawataweza, na wenyewe wanajua. Sema: "Naona unatamani sana kupona, na mimi natamani upone. Hapa nina muda wa kukaa na wewe. Niambie, siku nzuri hapa hospitalini huwaje?" Wapo wanaojibu kwa mambo madogo: siku ambayo muuguzi fulani yupo zamu, siku isiyo na sindano. Mshirikishe muuguzi alichokuambia, kwa sababu hilo anaweza kulifanyia kazi.

Kuna ombi moja lenye taratibu zake. Mtoto akisema mtu fulani aache kumpiga, au kumgusa, usihoji. Maswali yako yanaweza kumtia maneno mdomoni na kuvuruga kazi ya wenye ujuzi watakaokuja baadaye. Usiahidi kutunza siri. Mwambie umefurahi kwamba amesema, na kwamba utamwambia mtu ambaye kazi yake ni kuwalinda watoto. Usimweleze mtu mzima aliyemleta, maana huenda ndiye. Mara tu mtoto anapoondoka, simamisha foleni, andika maneno yake kama alivyoyatamka, saa na mahali, umkabidhi msimamizi wa ulinzi wa watoto wa siku hiyo. Jina la msimamizi huyo ulijue kabla hujabandika ndevu. Waandaaji wasipoweza kukutajia jina, usivae.

Kusimamisha foleni kunahitaji ishara. Msaidizi asimame upande unaomwona, mkubaliane mapema: ukigusa bizimu la mkanda mara mbili, azuie anayefuata, ukivua miwani, aje. Msaidizi huyo ndiye pia anayeuliza jina la mtoto kwenye foleni na kukunong'oneza, na anayemwambia mzazi pembeni, bila kuongeza tafsiri yake, kile mtoto alichoomba, isipokuwa lile ombi la kupigwa au kuguswa. Wazazi wengi huwa wanalisikia kwa mara ya kwanza.

Hapa lazima niseme linaloniuma. Waandaaji wengi hupanga sekunde 40 kwa mtoto, picha, anayefuata, na mtu anapiga makofi nyuma ya kamera kuharakisha. Wakati huohuo ndipo yule wa kifungo anafika, anafungua mdomo, anavutwa mkono. Kataa mpango huo tangu kwenye kikao. Omba watoto 15 kwa saa, wasizidi 20, mapumziko ya dakika 15 kila baada ya dakika 45, na picha ipigwe mtoto akiwa anazungumza badala ya kuamriwa atabasamu. Wakigoma, waache watafute mtu mwingine. Hii ni kazi inayosomewa: Mmarekani Charles W. Howard aliifungulia shule huko Albion, New York, mwaka 1937, na shule hiyo ipo hadi leo, sasa ikiwa Midland, Michigan. Anayeichukulia kama kuvaa kofia nyekundu tu hajawahi kunong'onezwa.

Sasa mavazi. Ndevu za lastiki nyuma ya masikio hushuka kila unapocheka, na masharubu yake hufunika mdomo hadi mtoto asikuelewe. Chagua zenye masharubu yanayotengana na kidevu, uyapunguze kwa mkasi hadi mdomo wa chini uonekane wote. Mtoto asiyesikia vizuri anasoma midomo. Shikiza kwa gundi ya ngozi ya waigizaji, tone dogo chini ya pua, kwenye mashavu na kidevuni, baada ya kuijaribu ndani ya mkono siku moja kabla. Jasho huilegeza, kwa hiyo futa ngozi ikauke kabisa kabla ya kupaka, na ukimaliza uzitoe kwa kimiminika chake cha kubandulia, usizing'oe. Nyusi nyeusi juu ya ndevu nyeupe ndizo zinazokuumbua kwanza. Zipake rangi nyeupe ya uso kwa mswaki mkavu, kinyume na zinavyoota.

Joto ndilo adui. Mahameli yenye bitana, wigi na mto wa tumbo vitakulowesha ndani ya nusu saa. Vaa fulana ya pamba chini, uwe na nyingine mbili za kubadilisha, na mto uwe wa sponji iliyotobolewa badala ya mto wa kulalia. Kunywa maji kwa mrija kila mapumziko. Kizunguzungu kikija, mpe msaidizi mtoto uliyempakata kabla ya jambo lingine lolote. Glavu nyeupe ziwe jozi nne, kwa sababu zitachafuka kabla saa haijaisha. Zina faida nyingine: zinaonekana wazi kwenye picha, na mikono yako inapaswa kuonekana muda wote, mmoja kwenye goti lako, mwingine kwenye mkono wa kiti au bega la mtoto. Usipake manukato.

Kwa wodini mambo yanabadilika. Nguo ziwe za kufulika na zifuliwe kabla ya kuingia; za mapambo ya kumetameta ziache, hudondosha vumbi linaloganda kila mahali. Ukiwa na mafua au homa, usiende, hata kama wamekutangaza; kuna watoto ambao kinga yao imeshushwa na dawa za saratani. Takasa mikono kabla na baada ya kila kitanda, na glavu ubadilishe au uvue. Vitu vya kuchezea viwe vipya, vya kupanguswa kwa kitambaa, si vya manyoya vilivyotumika. Puto za mpira hospitali nyingi hazizitaki, kwa sababu ya mzio na hatari ya kukaba. Usimpe mtoto chochote cha kula kabla muuguzi hajakubali, kwani huenda anasubiri upasuaji. Omba ruhusa kabla ya kukaa kitandani, na uangalie mrija wa dripu unapita wapi. Kwa aliye kwenye kiti cha magurudumu, piga goti macho yenu yalingane, na kiti chake usikiegemee.

Atakayelia utamkuta. Kuanzia miezi minane hadi miaka mitatu hivi, kuogopa uso mgeni ni jambo la umri, na ndevu humficha mtu asisomeke. Usimfuate. Geuka pembeni, punguza ile "ho ho ho" iwe ya tumboni na ya chini, ongea na mzazi au dubu wa kuchezea, na umwache mtoto aamue. Benchi fupi kando ya kiti linasaidia kuliko maelezo: anakaa hapo na mtu wake, bila kupakatwa. Kwa mwenye usonji, omba muda wa peke yake, dakika 10, muziki uzimwe na taa zipunguzwe, wala usimlazimishe akutazame.

Usiseme "mama yako" wala "baba yako" kabla hajasema yeye. Sema "watu wa nyumbani". Aliyemleta anaweza kuwa shangazi, mlezi au dada mkubwa.

Wakubwa kidogo watakuuliza kama wewe ni wa kweli. Usiape. Rudisha swali: "Wewe unaonaje?" Mtoto wa miaka tisa anayeuliza kwa ukali mara nyingi anataka kujua kama anaruhusiwa kujua. Huyo unaweza kumsimulia habari za Nikolasi, chimbuko la Baba Krismasi, askofu wa Myra katika karne ya 4, pwani ya Uturuki ya leo, anayekumbukwa kila tarehe 6 Desemba kwa masimulizi ya kutoa zawadi kwa siri. Mwombe akusaidie na wadogo kwenye foleni. Karibu wote hukubali, na husimama wima.

Ukimaliza, usiondoke moja kwa moja. Vua ndevu, kaa na msaidizi dakika 20, mtajiane maombi yaliyowakaba bila majina ya watoto. Majina hayo na maneno yao hayaendi mtandaoni, hata ukiwa umeguswa kiasi gani. Glavu ziloweke usiku uleule kwenye maji baridi na sabuni. Rangi ya uso ikikauka hutoka kwa shida.