Goti halivunjiki

Msomaji mmoja ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Niliteleza ngazini nikaumia mguu, hapa chini karibu na kisigino. Nilipowaambia wenzangu kwamba nimevunjika kiungo cha mguu, mmoja akanisahihisha: sema kifundo, si kiungo. Mwingine akasema yote ni maungo. Nani yuko sahihi? Na kiwiko nacho ni wapi hasa, maana kila ninayemuuliza ananionyesha mahali tofauti."

Marahaba, na pole sana. Swali la majina nalimaliza upesi. Kiungo kimetokana na kitenzi unga: ni pale kitu kinapoungana na kingine, na mwilini ni pale mfupa unapokutana na mfupa. Neno hilohilo limekwenda jikoni kwa kile kinachounga mchuzi, likaenda na uwanjani kwa mchezaji anayeunga ulinzi na ushambuliaji. Kifundo ni fundo dogo, kwa kuwa mahali penyewe pametuna kama fundo la kamba. Maungo ni mwili wenyewe pamoja na viungo vyake. Kila kifundo, basi, ni kiungo, na mwenzako aliyetaka useme kifundo alikupa neno la karibu zaidi. Wapo wanaoita viungo hata ini na figo. Ini haliungi hiki na kile, lakini matumizi hayo yameota mizizi na vitabu vimeyabeba, nami nimeacha kugombana nayo.

Ninalogombana nalo ni neno ambalo wenzako wote wawili walilisikia wakaliacha lipite: nimevunjika.

Kinachovunjika ni kitu kimoja kinachogeuka vipande: chungu, fimbo, mfupa. Mtu mzima ana mifupa 206, na wowote kati ya hiyo waweza kuvunjika. "Amevunjika mguu" ni Kiswahili safi, maana ndani ya mguu mna mifupa na msikilizaji anaelewa kwamba mmojawapo umekatika. Kutoka hapo watu wameteleza hadi "amevunjika goti", "amevunjika bega", "amevunjika kifundo", na sasa hata kwenye taarifa za michezo ndivyo inavyosomwa. Kiungo si mfupa. Ni mahali mifupa inapokutana.

Litazame goti. Kutoka juu unashuka mfupa wa paja, kutoka chini unapanda muundi, na mbele imekaa pia ya goti, ambayo wengine huiita kilegesambwa. Ncha za mifupa hiyo zimevikwa gegedu, nyororo na telezi, isiyo na mshipa wa damu hata mmoja. Kati ya paja na muundi mna vipande viwili vya gegedu vyenye umbo la mwezi mchanga, vinavyopokea uzito kila tunapokanyaga. Mfupa umefungwa kwa mfupa kwa ligamenti kubwa nne: mbili ziko pembeni, huku na huku, na mbili zinapishana katikati kama mkasi uliofunguliwa. Kisha kuna mfuko unaolizunguka goti, na ndani yake ute unaolainisha kila mkunjo.

Sasa mtu akiniambia goti limevunjika, nimwulize kimevunjika nini? Ute hauvunjiki. Ligamenti huvutika au hukatika. Gegedu huchanika, na kwa miaka mingi husagika. Pia ya goti yaweza kuvunjika, lakini huo ni mfupa wenye jina lake: sema amevunjika pia ya goti. Ncha ya muundi yaweza kupasuka ufa ukafika mpaka gotini: sema amevunjika muundi. "Amevunjika goti" inayafunika majeraha yote hayo kwa blanketi moja, na hayatibiwi yote sawa.

Tena si kwamba lugha imetunyima neno. Tunalo, nalo ni teguka. Mtego hutegwa, kisha huteguka. Kitendawili hutegwa, kisha huteguliwa. Kilichotegwa kimewekwa sawasawa mahali pake, kikiteguka, kimeachia. Mtego ulioteguka uko mzima, hakuna kijiti kilichokatika, ila haujakaa ulivyowekwa. Ndivyo inavyokuwa kwa kiungo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimekaa begani kwenye kijibakuli kifupi, ndiyo maana mkono unazunguka karibu kila upande, na ndiyo maana bega huteguka kwa urahisi kuliko nyonga, iliyozama kwenye bakuli lenye kina. Mfupa ukitoka kabisa mahali pake, tunasema bega limechomoka. Aliyeumia kano au ligamenti tu, naye ameteguka. Teguka linabeba yote mawili, la kuvutika na la kutoka, na sioni kosa hapo.

Nakumbuka usiku mmoja mpwa wangu aliponipigia simu: "Mjomba, nimevunjika kifundo." Nyumba nzima iliamka. Dada yangu alikuwa analia kabla hajavaa viatu. Tulipofika tulimkuta amesimama kwa mguu mmoja, ameshika ukuta. Upande wa nje wa kifundo umevimba ukaficha ile nundu ya mfupa, ngozi imevutika mpaka inang'aa. Picha ya eksirei ilionyesha mifupa yote mizima. Wayo ulikuwa umejipinda kuelekea ndani na ligamenti za upande wa nje zikavutika, jambo linalowapata wengi wanaokanyaga vibaya. Wahenga walisema heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Kijana wetu usiku ule alijikwaa kote kuwili, na dada yangu ndiye aliyelipia kwa machozi.

Najua hoja itakayoletwa. Mbona mkutano huvunjika? Kama kiungo ni mkutano wa mifupa, kwa nini nacho kisivunjike? Ni hoja nzuri, nami nimeifikiria sana. Mkutano ukivunjika, watu huondoka wazima, kila mmoja njia yake, na hakuna anayedhani wamevunjika mbavu. Mguuni hakuna usalama huo. Papo hapo penye kiungo pana mifupa inayovunjika kweli, na mgonjwa akilitaja neno hilo, masikio yote yanakimbilia mfupa.

Dalili nyingine iko kwenye tiba. Mfupa uliovunjika huungwa, na ukiunga tunashukuru. Kiungo kilichochomoka hurudishwa. Hebu jaribu kusema goti "limeunga": mifupa yake miwili imekuwa mmoja, na mwenye goti hakunji tena wala hachuchumai. Ipo mifupa iliyoumbwa kuungana hivyo, kama ya fuvu, ambayo mishono yake hukaza kadiri umri unavyokwenda. Viungo vingine vimewekwa ili vitembee. Goti hukunjwa na kukunjuliwa kama mlango kwenye bawaba, nyonga huzungushwa, na kichwa hugeuka kushoto na kulia kwa sababu pingili ya kwanza ya shingo inazunguka kwenye kijino cha pingili ya pili. Neno linalofaa kwa mfupa mtupu haliwezi kutosha kwa kitu cha namna hii.

Kwa hiyo, msomaji wangu, kama picha imeonyesha mifupa mizima, umeteguka kifundo cha mguu. Kama imeonyesha ufa kwenye ile nundu ya pembeni, hiyo ni ncha ya mfupa wa mguu, nawe umevunjika mfupa hapo kifundoni. Mwambie hivyo daktari na uwaambie hivyo wenzako.

Kuhusu kiwiko, wengine hukiweka pale mkono unapokunjwa katikati, wengine pale kiganja kinapoanzia, na kote kuwili kuna wazee waliolelewa na matumizi hayo. Mimi pa kukunja mkono napaita kisugudi, na penye kiganja kifundo cha mkono. Kiwiko nalitumia tu ninapozungumza na mtu aliye mbele yangu, nikipagusa mahali penyewe kwa kidole.