Busta kwa miche ya nyanya: itie kabla ya joto, si baada yake

Msimu wa kaskazi, hasa kuanzia Januari hadi masika yaanze, miche ya nyanya hapa Mombasa haipumziki. Mchana joto hufika nyuzi 32 au 33, na usiku halishuki sana chini ya 24. Wengi hulalamikia jua la adhuhuri, lakini mimi naogopa zaidi usiku. Mche hutengeneza chakula chake mchana, na usiku hukitumia kupumua. Usiku ukiwa wa joto, unapumua kwa kasi na kula akiba ambayo ingekwenda kwenye mizizi. Matokeo yake ni mche mrefu, mwembamba, uliopauka, na ukiuhamishia shambani unalala chini siku hiyohiyo.

Hapo ndipo kijana wa agroveti anapokuuzia biostimulanti, au busta kama tunavyoziita. Si mbolea hizi, na si dawa ya wadudu. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2019 inazitambua kwa kazi zinayoifanya mwilini mwa mmea bila kujali kiasi cha chakula kilichomo: kuusaidia utumie vizuri chakula kilichoko, na kuvumilia shida kama joto, ukame na chumvi. Kwa hiyo mche wenye njaa ya naitrojeni hautashiba kwa busta. Na mche ulioanza kukauka ukingo wa majani, busta haitaufufua.

Biostimulanti ni daku, si futari. Huliwa kabla ya shida kuanza. Mwani wa chupa, yaani maji yaliyokamuliwa kutoka mwani wa baharini, kwa mfano, una vitu vinavyouamsha mche uanze kujilinda: kuhifadhi maji ndani ya seli na kukabiliana na sumu zinazozaliwa ndani ya majani joto linapozidi. Kazi hiyo inataka muda, na inataka mche wenye nguvu za kuifanya. Ukipiga leo saa nane mchana kwa sababu miche imelegea, umechelewa, na zaidi ya hapo matone yatakauka juu ya jani kabla hayajaingia.

Kabla ya chupa yoyote, tazama maji. Utange tunakolima, na sehemu nyingi za Kisauni na Likoni, kisima hutoa maji ya chumvichumvi, na ardhi yetu ya matumbawe ina chokaa nyingi. Maji ukiyaonja na ulimi ukahisi chumvi, usiyapeleke kitaluni, hata kama nyanya za jirani zilizokwisha kukomaa zinayanywa. Mimi hukinga ya mvua, yakiisha natumia ya bomba, na bomba likikatika, maana mgao wa maji mji huu mnaujua, nanunua mitungi ya mkokoteni. Trei chache hazinywi maji mengi, gharama yake inabebeka.

Kisha udongo wa trei. Tuna bahati ya makumbi ya nazi. Yaliyosagwa hushika maji vizuri na ni mepesi. Lakini makumbi mabichi nayo yana chumvi. Yaloweke, yakamue, urudie hadi maji yatoke bila rangi, ndipo uchanganye na mboji iliyooza sawasawa. Trei nazo usizilaze chini kwenye sementi. Ziweke juu ya kichanja hewa ipite chini, kwa sababu plastiki nyeusi ikipigwa na jua huchemsha mizizi. Kivuli kiwe cha neti inayopitisha nusu ya mwanga. Paa la makuti ni zuri kwa mtu kukaa, lakini mche chini yake hurefuka ukitafuta jua.

Haya yakishakuwa sawa, busta ina pa kufanyia kazi. Yakiwa hayajakaa sawa, nunua neti kwanza.

Nikiambiwa nichague moja tu, nachukua ya mwani. Chupa nyingi zinazouzwa hutengenezwa kwa mwani wa bahari baridi, ule uitwao Ascophyllum nodosum, unaotoka Atlantiki ya kaskazini. Watu huniuliza mbona tusitumie wetu, na akina mama wa Kibuyuni kule Kwale wanaulima. Ule ni wa aina nyingine, unalimwa hasa kwa ajili ya karajini, kitu cha kuzitisha vyakula viwandani. Na ile takataka ya kijani inayosukumwa na mawimbi pwani ya Nyali na Bamburi, nyingi si mwani, ni nyasi za baharini. Ukitaka kuitumia, ioshe chumvi uitie kwenye mboji ya shamba. Kuiloweka kwenye ndoo na kuimwagia miche ya wiki mbili ni kuimwagia chumvi uliyoihangaikia kuiepuka.

Ya pili kwangu ni asidi ya humiki, ile inayotokana na mabaki ya mimea yaliyooza zamani, kwa wale wa ardhi ya kichanga. Mchanga wetu haushiki chakula. Mvua moja na kila kitu kimeshuka chini. Humiki husaidia mizizi kutanuka na kuchukua madini kama chuma, ambayo ardhi ya chokaa huyafungia mpaka majani machanga yakawa ya njano na mishipa ikabaki ya kijani. Hii ya kumwagia mizizini, si ya kupuliza majani.

Ya tatu ni Trichoderma, kuvu rafiki anayekaa kwenye mizizi na kuwazuia kuvu wabaya, wakiwemo wanaoleta kinyausi, ugonjwa wa kuoza shina na kuanguka kwa miche kitaluni. Huyu ni kiumbe hai, na watu husahau. Pakiti iliyokaa dirishani pa duka ikipigwa na jua la Mombasa unanunua vumbi. Tazama tarehe, uliza ilihifadhiwa wapi, na usimchanganye na dawa ya kuvu ya shaba wala mancozeb kwenye bomba moja la kupulizia. Maji ya bomba yenye klorini yaache wazi kwenye ndoo usiku kucha kabla ya kumchanganya.

Za asidi amino sina neno baya juu yake, ila kwa miche ya kitaluni sijaona sababu ya kulipa bei yake.

Namna ninavyofanya ni hivi. Trichoderma naichanganya kwenye udongo wa trei wakati wa kusia mbegu. Mche ukitoa majani ya kweli mawili, napuliza mwani mara ya kwanza, alfajiri au jua likiwa limeshazama. Lebo nyingi hutaja mililita 2 hadi 5 kwa lita ya maji. Kwa miche michanga anzia chini, kwa sababu kuzidisha huunguza majani au kuudumaza mche. Narudia baada ya siku kumi hadi kumi na nne. Wiki ya mwisho napunguza maji na kufunua neti kidogo kidogo ili miche izoee jua, na siku mbili tatu kabla ya kuhamisha napuliza tena. Siku yenyewe natumbukiza trei kwenye maji ya humiki, na kupanda jioni.

Usiniamini mimi wala lebo. Gawanya trei, nusu tia, nusu usitie, na uweke alama, maana utasahau. Halafu saa nane mchana pita uangalie ni upande upi umekunja majani. Siku ya kuhamisha, chomoa mche mmoja kila upande na uutikise. Ule ulioitikia hutoka na udongo wake wote, mizizi myeupe yenye vinyweleo imeuzunguka. Mwenzake udongo humwagika na unabaki na mizizi michache ya rangi ya kahawia. Pande zote mbili zikitoka sawa, hiyo chupa usiinunue tena. Pesa zako zilikuwa zinamwagika.

Kaskazi iliyopita kijana wa jirani alinijia na kitawi mkononi. "Ami, hizi tungule nimezipiga busta kila wiki, na maua yangali yaanguka. Hii dawa ya uongo?" Nikamwambia dawa si ya uongo, ila anaitaka kazi isiyoiweza. Ua la nyanya ni dhaifu kuliko jani. Mchana ukipita nyuzi 32 na usiku ukibaki juu ya 21 hivi, chavua huharibika, ua halishiki, linadondoka. Busta itapunguza hasara kidogo. Haiwezi kubadilisha usiku wa Machi wa Mombasa.

Ndiyo maana mimi husia sana mwezi wa Mei. Miche inahamishwa Juni, inachanua Julai wakati upepo wa kusi umepoza usiku, na kuanzia katikati ya Agosti unapeleka mzigo soko la Kongowea. Anayelazimika kulima kaskazi kwa sababu bei ni nzuri aanze na mbegu chotara iliyozalishwa kwa ajili ya joto, na kwenye lebo ya mbegu atafute pia ustahimilivu wa mnyauko wa bakteria, maana ardhi yenye joto na unyevu ndiyo makao yake. Maua yakifunguka, pita asubuhi kabla ya saa nne ukigonga zile kamba za kuegemezea. Hewa yetu ina unyevu mwingi, chavua hugandamana, na kutikisa kidogo huiangusha panapotakikana kabla jua halijapanda.