Kabla hujalipia programu ya kukata na kujaza

Vijana wanaotoka vyuo vya Ardhi, DIT au Mlimani wakiingia saiti huuliza swali lile lile: nitumie programu gani kukokotoa udongo wa kukata na kujaza, yaani wa kuchimba palipoinuka na wa kufukia palipo chini? Wengi wameshajijibu moyoni, wanataka tu niwathibitishie kwamba ni Civil 3D, ile ya kampuni ya Autodesk. Mimi huwarudishia swali: hiyo namba utakayotoa, nani atabishana nayo?

Maana namba ya udongo ni hela. Kwenye barabara atabishana mhandisi mshauri, naye atataka kuona kros-seksheni (mchoro wa ardhi iliyokatwa kukingama barabara) moja moja na jedwali la maeneo yake. Kwenye kiwanja cha mtu kule Goba, penye miteremko, atabishana mwenye kiwanja anayehesabu tripu za lori getini. Wa kwanza unamhitajia programu inayotoa jedwali kamili la seksheni. Wa pili picha za rangi hazimsaidii kitu. Anataka hesabu anayoweza kuifuata kwa kidole. Programu isiyokuwezesha kuonyesha namba imetoka wapi, iache hata kama ni ya bure.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa, ipe mtihani ambao majibu yake unayo mfukoni. Chukua kiwanja cha mita 40 kwa 25, kinashuka sawasawa mita 3 kufuata ule urefu wa 40. Unataka jukwaa tambarare kwenye usawa wa katikati. Upande wa juu unakata kabari ya urefu wa mita 20 na kina cha mita 1.5: nusu ya 20 mara 1.5, mara 25, ni mita za ujazo 375. Upande wa chini unajaza 375 zile zile. Ingiza pointi nne za pembeni, tengeneza nyuso mbili, ya asili (ardhi ilivyo) na ya usanifu (unavyotaka iwe), uone inasemaje. Ikileta 375 kila upande, endelea.

Sasa iambie iondoe udongo wa juu wenye mizizi, sentimita 15. Hapa ndipo programu nyingi rahisi hushikwa. Uso wa asili umeshuka, kwa hiyo kukata kunapungua hadi kama 304 na kujaza kunapanda hadi kama 454. Kiwanja kilichokuwa kinajitosheleza sasa kinadai kifusi cha mita za ujazo 150, ambacho lazima kinunuliwe. Usipokuwa na sehemu ya kuingiza hiyo sentimita 15, utampa mteja bei ya kiwanja ambacho hakipo.

Jaribio la pili ni la mbinu. Wastani wa maeneo ya ncha mbili (wastani wa maeneo ya seksheni mbili mara umbali kati yake), unaotumika sana barabarani, ni mzuri seksheni zikikaribiana umbo. Upeleke kwenye rundo la moramu lenye kitako cha mita 10 kwa 10, linalochongoka hadi kimo cha mita 3. Ukipima kitako na ncha tu, wastani unakupa 150, wakati ujazo wa kweli ni 100. Programu nzuri inakuambia imetumia mbinu gani na inakuruhusu kubadili. Inayoficha mbinu yake haifai kupelekwa mezani kwa mshauri.

Kuvimba kwa udongo ni jambo jingine. Ule uliolala ardhini ukichimbwa huongezeka: mchanga kwa asilimia 10 hadi 15 hivi, wa mfinyanzi kati ya 20 na 40. Ukishindiliwa unapungua tena. Tripu zinahesabiwa kwa udongo uliovimba, malipo mara nyingi kwa ulioshindiliwa au ulio ardhini. Nataka programu inayonipa namba ghafi kwanza, halafu vizidishio nivitie mwenyewe, cha kukata peke yake na cha kujaza peke yake.

Bei je? Civil 3D inalipiwa kwa muda, inadai Windows na kompyuta yenye nguvu. Ukiwa bado mwanafunzi, Autodesk hutoa leseni ya masomo bure, lakini si ya kazi za kulipwa. Za kuvunja leseni sizijadili. Ukikaguliwa ni wewe. Kwa kiwanja kimoja kimoja, QGIS, programu ya ramani, ni ya bure na inatosha kabisa: toa uso wa asili kwenye uso wa usanifu kwa kikokotoo cha rasta (uso uliogawanywa vijisanduku, kila kimoja na kimo chake), kisha zana ya ujazo wa rasta ikupe kilicho juu ya sifuri, ambacho ni kujaza, na kilicho chini, ambacho ni kukata. Excel nayo msiidharau. Seksheni zikiwa chache, hakuna anayebishana na Excel yenye fomula zinazoonekana.

Data ndiyo inayoharibu kazi kuliko programu. Dar iko kanda ya 37 Kusini ya UTM, mfumo wa kuonyesha mahali kwa mita, lakini ramani za zamani ziko kwenye Arc 1960 na GPS yako inasoma WGS 84, ambayo ni misingi miwili tofauti ya kupimia. Ukizichanganya bila kubadili, kiwanja kinahama takriban mita 300. Urefu wa GPS nao si urefu kutoka usawa wa bahari, na hapa kwetu tofauti inazidi mita 20. Kama droni imepima uso mmoja na levo (darubini ya kupimia vimo) imepima mwingine kutoka benchimaki, alama yenye kimo kinachojulikana, hakuna programu itakayokuokoa. Pia angalia pembetatu ndefu nyembamba pembezoni mwa uso wako. Zinaunganisha pointi zisizohusiana na kujaza udongo nje ya mpaka, kwa hiyo chora mpaka na mistari ya kingo za mitaro kwanza.

Mwisho, hakikisha inatoa LandXML, faili la nyuso linalosomwa na programu tofauti. Mkandarasi ana programu yake, mshauri ana yake, na faili la toleo jipya mara nyingi halifunguki kwenye toleo la zamani. Ukimtumia LandXML pamoja na CSV (jedwali la maandishi matupu) ya pointi, atakokotoa mwenyewe, na mkitofautiana mtajua tofauti iko kwenye uso upi.