Kwa nini Mmarekani haogopi cheo lakini anamnyenyekea aliyetoboa

Mkuu, umeuliza kwa nini Mmarekani anamsema rais wake hadharani bila kupepesa macho, halafu Mmarekani huyohuyo, bilionea akifungua mdomo, anamsikiliza kwa utulivu wote. Na wewe unayejiandaa kuja kufanya kazi huku utaishi nao vipi. Mimi niko Pittsburgh, Pennsylvania, kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na ninayoandika nimeyaona kwa watu ninaoshinda nao.

Tuanze na cheo. Hawa watu walimkataa mfalme, na woga wa kupata mwingine haujawatoka. Katiba yao inaikataza serikali kumpa mtu cheo cha kikabaila. Mwaka 1789 kuna maseneta waliotaka George Washington, rais wao wa kwanza, aitwe kwa jina refu la kitukufu; Baraza la Wawakilishi likagoma, akabaki Bwana Rais. Rais Harry Truman alipomaliza muda wake Januari 1953 alipanda treni akarudi Independence, Missouri, kwenye nyumba ya familia ya mkewe. Sheria ya kuwapa marais wastaafu pensheni ilikuja 1958. Kwa hiyo kumsema rais kwao si utovu wa adabu. Ni mtu waliyempa kazi, na tangu 1951 katiba inasema hachaguliwi zaidi ya mara mbili.

Fedha ni habari nyingine kabisa. Cheo umepewa na watu, wanaweza kukunyang'anya. Utajiri wanaamini umeutoa jashoni mwako, kwa hiyo unaonyesha wewe ni mtu wa namna gani. Ukitaka kuliona hili kwa macho, njoo Homestead, mji mdogo kando ya mto Monongahela, jirani na hapa. Palikuwa na kiwanda cha chuma cha Andrew Carnegie. Mwaka 1892 mkataba wa wafanyakazi ulipofika mwisho, msimamizi wake Henry Clay Frick alitaka kupunguza malipo, akawafungia watu nje, kisha akaleta walinzi wa kukodi wa kampuni ya Pinkerton wapatao 300 kwa matishari usiku. Julai 6 risasi zikarindima, watu wakafa pande zote mbili. Carnegie mwenyewe alikuwa Scotland. Chama cha wafanyakazi kikavunjwa nguvu, zamu za saa 12 zikawa ndiyo maisha. Mwaka 1898 Carnegie akawafungulia watu wa hapohapo maktaba kubwa, yenye ukumbi wa muziki na bwawa la kuogelea. Mwaka 1901 akauza kampuni yake kwa dola milioni 480.

Mzee mmoja niliyekuwa namhudumia alijifunza kuogelea kwenye bwawa lile. Babu yake alikuwa miongoni mwa waliofungiwa nje. Nikamuuliza, huku namfunga vifungo vya shati, kama ukoo wao una kinyongo na Carnegie. Akanishangaa. Akanieleza jinsi Carnegie alivyoletwa Marekani akiwa mtoto wa mfumaji fukara, akaanza kazi kwenye kiwanda cha pamba kwa dola moja na senti 20 kwa wiki. "Alianza chini kuliko babu yangu," akasema, kwa fahari, kana kwamba anamsifu mjomba wake.

Mdogo wake mzee huyo alikuwa bado kwenye kiwanda kile cha chuma kilipopunguza watu mpaka kikafungwa 1986. Maelfu walikosa kazi bonde zima, lakini yule mdogo mtu hakulaumu kampuni wala serikali. Alijilaumu mwenyewe: hakusoma, hakuhama mapema. Akaacha hata kwenda kanisani, kwa aibu ya kukaa na watu. Hapo ndipo panaponiuma. Ukishaamini kwamba aliyeshinda kashinda kwa juhudi zake tu, inabidi uamini pia kwamba aliyeshindwa kajitakia. Kwetu mtu akianguka tunasema ni mapito, na tajiri tunamuuliza kazipata wapi. Imani zote mbili zina ubaya wake, ila hii ya huku inamwacha mtu peke yake.

Kuna upande ninaoupenda kwa moyo wote, nao ni kwamba kuanguka hakukufungii njia. Henry Heinz, wa hapahapa Pittsburgh, alifilisika 1875. Mwaka uliofuata akaanza tena na nduguze, na leo jina lake liko kwenye chupa za tomato sosi duniani kote. Huku ukisema biashara yako ya kwanza ilikufa, watu wanakuuliza ya pili unafungua lini.

Sasa kazini. Bosi atakuambia umwite kwa jina lake tu, atakuuliza wikiendi ilikuwaje. Usidhani mko sawa. Ukiacha jimbo la Montana, mwajiri kwa kawaida anaweza kukuachisha kazi bila kutoa sababu, ilimradi hajavunja mkataba wala sheria kama za ubaguzi. Mwenzangu mmoja kibarua chake kiliota nyasi saa nane mchana, katikati ya zamu. Aliitwa ofisini, akatoka na mfuko wenye viatu na kikombe chake, meneja akamsindikiza hadi mlangoni akimtakia kila la heri kwa tabasamu. Wenzetu wakasema atapata pazuri zaidi. Hakuna aliyeuliza kama ametendewa haki. Mheshimiwa wa kwetu mwenye taulo mgongoni mwa kiti, angalau ukiingia tu unajua uko mbele ya nani.

Kwenye usaili, weka kando unyenyekevu tuliolelewa nao. Kijana mmoja wa Tanga, fundi umeme hodari, kila alipoulizwa kazi alizofanya alikuwa akimtaja mkuu wake na wenzake. Wakaona hajui kitu. Tukakaa naye jikoni tukapitia upya: nyaya za jengo lile nilivuta mimi, hitilafu ile niliipata mimi. Aliona kama anajitapa, lakini safari iliyofuata walimchukua. Na wewe ukishapata, uliza siku ya kwanza kama pana chama cha wafanyakazi, ujiunge, maana mara nyingi ni mkataba wa chama unaomlazimisha mwajiri aonyeshe sababu kabla ya kukufukuza.