Nikialikwa Chakula na Familia Isiyo na Uwezo, Nifanyeje?

SWALI: Assalaam alaikum. Mwaka jana nilikwenda Mahajanga, nchini Madagaska, kumtembelea ndugu yangu anayefanya kazi huko. Jirani yake, ambaye huvuta mkokoteni wa abiria, alitualika chakula cha mchana. Tulikalishwa mkekani, tukapakuliwa wali na majani yaliyochemshwa, na yai lililokuwapo, moja tu, likawekwa kwenye sahani yangu huku watoto wakilitazama. Nililila, lakini halikupita kooni kwa raha. Ami yangu hapa Langoni anasema ningeukataa mwaliko, kwani kula chakula cha maskini ni kumpokonya; mke wangu anasema ningeacha fedha chini ya sahani. Natarajia kurudi huko mwezi wa Februari. Nikialikwa tena, nifanyeje?
Msomaji, Langoni, Lamu

JIBU: Waalaikum salaam, ndugu yangu. Pamoja na heshima yote kwa ami yako, sikubaliani naye. Mtu anayevuta mkokoteni kutwa kwa malipo madogo hupangiwa mambo mengi na watu wengine: bei ya mchele, kodi ya chumba, hata nauli ambayo abiria yuko tayari kuitoa. Kumkaribisha mgeni ni jambo analoliamua mwenyewe nyumbani kwake, na ukimkatalia kwa sababu ya umaskini wake utakuwa umemwambia, mbele ya watoto wake, kwamba hana hadhi ya kuwa mwenyeji. Mtume (s.a.w.) amepokewa akisema kwamba lau angealikwa kula kwato ya mnyama angeitikia. Nasi wa Lamu, ambao kila Maulidi huwafungulia wageni milango, twajua uchungu wa kuona sinia likirudi jikoni bila kuguswa.

Hata hivyo, ami yako ameona jambo la kweli, nalo ni kwamba chakula kile kina hesabu. Madagaska wali huliwa asubuhi, mchana na jioni, na familia nyingi hununua mchele kwa kapoaka, yaani kopo tupu la maziwa mazito. Makopo matatu na nusu hivi hufanya kilo 1. Tena Februari huangukia katika miezi ya ukata kabla ya mavuno makuu, wakati akiba ya mchele imepungua na bei imepanda. Kopo analoongezewa mgeni mchana huenda likawa limetoka katika chakula cha usiku. Kwa hiyo itikia mwaliko, lakini ule kwa kiasi: subiri mkubwa wa nyumba aanze, maliza ulichopakuliwa mara ya kwanza, kisha ushukuru kabla hujaongezwa. Yai lilikuwa heshima yako, na sioni ubaya wa kulila. Ukitamani liliwe na wengi, mwombe mama mwenye nyumba aligawe yeye. Usimtilie mtoto sahanini kwa mkono wako, kwani hapo utakuwa umetangaza kwamba umewaona wana njaa.

Kuna kitu kimoja ambacho unaweza kukiomba tena bila wasiwasi wowote. Wali ukishapakuliwa, ukoko ulioganda chini ya sufuria humiminiwa maji, yakachemshwa mpaka yakageuka rangi na kutoa harufu ya nafaka iliyokaangwa. Wenyewe huyaita ranovola, na ndicho kinywaji cha mlo wao. Maji hayo yamechemka, na hayampunguzii mtu punje ya wali. Omba kikombe cha pili, unywe polepole mkizungumza, na mwenyeji atafurahi kwamba amekushibisha.

Fedha chini ya sahani, hapana. Mlo ulioandaliwa kwa mapenzi ungegeuzwa biashara, na mama angeikuta noti hiyo wakati wa kuosha vyombo, nawe hupo akurudishie. Wamalagasi wana desturi nzuri zaidi, voandalana, ambayo ni zawadi ya msafiri kwa wale anaowafikia, na kwa kawaida huwa kitu cha kula. Chukua tende na halua kutoka Lamu, uongeze mchele na mafuta utakayonunua Mahajanga, umkabidhi mama siku utakayokwenda kuwasalimu, kabla mwaliko haujatajwa. Muulize kwanza ndugu yako kuhusu miiko yao, ambayo huitwa fady, kwa kuwa ziko koo zisizokula nguruwe na nyingine zisizokula mbuzi. Simu nayo ibaki mfukoni. Picha ya watoto na sahani zao haikuhusu.

Lakini ninaloliona bora kuliko hayo yote ni kwamba ndugu yako, anayeishi nao ukuta kwa ukuta, awaalike kwake mara kwa mara, hata baada ya wewe kurejea nyumbani, ili wageni na wenyeji wawe wakibadilishana zamu. Na wakija na kitu mkononi, hata kama ni ndizi chache tu, apokee, aziweke mkekani, na ziliwe hapo hapo pamoja nao.