Unataka kazi ya ushauri elekezi? Anza na mtunza stoo

Wadogo zangu wanaomaliza chuo huniuliza kazi ya ushauri wa biashara inataka digrii gani. Mimi nilisoma uhandisi wa kemikali pale Mlimani, na sijaona mteja aliyejali habari za kemikali. Digrii inakufikisha kwenye usaili. Ukishakaa kwenye kiti, wanachotazama ni kama ukipewa jambo lililovurugika unaweza kulipanga likaeleweka.

Usaili wenyewe ni wa kesi, yaani unapewa tatizo na unalitatua papo hapo mbele yao. Unaweza kuulizwa: Dar es Salaam inatumia magunia mangapi ya mkaa kwa siku? Hakuna anayesubiri jibu la vitabuni. Sensa ya 2022 ilihesabu watu takriban milioni 5.4 mkoani humo. Chukulia kaya moja ina watu wanne, unapata kaya milioni 1.35. Kadiria nusu yao wanapikia mkaa, na gunia linawatosha mwezi mzima: ni kama magunia 22,500 kwa siku. Hapo wengi huweka kalamu chini na kutabasamu. Anayechukuliwa ni yule anayeendelea: "Lakini mama lishe na wauza chipsi sijawahesabu, na hata nyumba yenye gesi huwa na jiko la mkaa la kuchemshia maharage." Fanyeni mazoezi haya wawili wawili, kwa sauti, hata mkiwa kwenye daladala ya Mbagala. Kuyasoma kimyakimya hakusaidii kitu.

Kuhusu wapi pa kuomba: McKinsey na BCG, kampuni kubwa za kimataifa za ushauri, wana ofisi Nairobi, na huchukua wachache mno. Deloitte, PwC, KPMG na EY, zile nne kubwa za ukaguzi na ushauri, wapo Nairobi na Dar, ila wahitimu wengi huanzia ukaguzi wa hesabu. Msiudharau. Ukaguzi, pamoja na CPA, cheti cha uhasibu cha NBAA (bodi ya wahasibu na wakaguzi wa hesabu), utakufundisha kusoma vitabu vya kampuni, na kuhamia kitengo cha ushauri kunawezekana. Zipo pia kampuni ndogo za wazawa zinazoishi kwa zabuni. Huko utashika hadidu za rejea (maelezo ya mteja kuhusu kazi anayoitaka) na kuandika pendekezo la kitaalamu la namna mtakavyoifanya ukiwa bado mgeni kabisa, na mimi binafsi ndiko ningemtuma mdogo wangu.

Sasa kazi yenyewe. Msambazaji mmoja wa vinywaji alituita kwa sababu mzigo ulikuwa unapotea, na kompyuta ya ofisini ilionyesha kila kitu kiko sawa. Mtunza stoo alitujibu "sijui" kwa kila swali, mpaka mwenzangu alipofunga laptop, akampa shikamoo ya heshima, akamwomba amwelekeze mzigo unavyopokelewa tangu getini. Walizunguka wote wawili stoo nzima. Waliporudi, mzee akachomoa kaunta buku chini ya meza. Kila kreti iliyotoka usiku bila hati ilikuwa imeandikwa humo, na namba ya gari pembeni. Ripoti yetu yote ilijengwa juu ya daftari lile, na jina la mzee halikuingia popote. Ukimchoma mmoja, stoo zote zitakufungia mdomo.

Slaidi utajifunza ukiwa kazini, ila shika hili mapema: kichwa cha slaidi kibebe jibu. "Mauzo kwa mkoa" hakimwambii mkurugenzi kitu. "Mbeya inauza kuliko Mwanza kwa magari machache" kinamfanya aache simu.

Kabla hujasaini mkataba, uliza nani hasa anailipa kampuni. Marekani iliposimamisha misaada yake Januari 2025, kampuni zilizoegemea miradi ya USAID ziliona kazi zikisimama ghafla. Kama mteja ni mfadhili mmoja tu, soma kipengele cha notisi mara mbili. Na uliza posho ya safari inatoka kabla au baada ya safari. Ukiambiwa "utarudishiwa", hakikisha una nauli ya Sumbawanga na hela ya gesti mfukoni mwako.