Kabla hujafungua madirisha alfajiri, tazama moshi wa jirani

Wengi hapa Dar tunaamini alfajiri ndiyo saa ya hewa safi. Magari bado machache, jua halijachomoza, basi unafungua madirisha yote, na wapenzi wa mazoezi wanaingia barabarani saa 11. Msimu wa kipupwe, Juni mpaka Agosti, huo ni ushauri mbaya. Nakaa Tabata, upande unaotelemkia Bonde la Msimbazi, na nina mtoto mwenye pumu. Kwa sababu hizo mbili nimejifunza kuuchunga upepo kuliko ninavyouchunga moshi wenyewe.

Moshi tunao kila siku. Majiko ya mkaa, daladala zilizochoka, malori ya Barabara ya Mandela, taka zinazochomwa uani: hakuna anayepumzika. Lakini ipo siku unaamka mji umefunikwa utando wa kijivu na koo linawasha, halafu kesho yake kweupe. Moshi ni uleule, ila hewa imebadilika. London mwaka 1952 watu walikuwa wakichoma makaa ya mawe kama walivyochoma miaka yote, lakini kuanzia Desemba 5 hadi 9 upepo ulitulia na hewa baridi ikalala juu ya jiji. Hesabu za mwanzo zilitaja vifo 4,000, na uchambuzi wa baadaye ukafikisha hadi 12,000.

Kinachotokea ni hiki. Mchana ardhi inapata joto, hewa ya chini inapanda na moshi unapanda nayo. Usiku usio na mawingu ardhi inapoa haraka, na hewa iliyoigusa inakuwa baridi kuliko iliyo juu yake. Hewa baridi ni nzito, haipandi, kwa hiyo moshi wote wa jioni na wa alfajiri unabaki chini kama mvuke kwenye sufuria iliyofunikwa. Mabondeni ni balaa zaidi, maana hewa hiyo baridi huteremka taratibu kutoka miinukoni na kukusanyika chini. Wa Kigogo, Jangwani na Vingunguti wananielewa. Tena usiku upepo mwepesi hutoka bara kwenda baharini, kwa hiyo moshi wa huko ndani unasogezwa mjini tukiwa tumelala.

Namna ya kuijua hali hii haina gharama. Asubuhi tazama moshi wa mama anayewasha jiko la maandazi, au wa jirani anayechoma majani ya mwembe. Ukipanda moja kwa moja ukapotelea juu, hakuna shida. Ukifika usawa wa bati, ukapinda, ukatandaa kama shuka na kugoma kwenda kokote, ujue kifuniko bado kipo. Funga madirisha. Kwangu nafungua kuanzia saa 4 hivi, jua likishawasha ardhi na upepo wa bahari ukianza kuingia. Wa mazoezi nao bora waende jioni ufukweni upepo ukivuma. Na kama lazima iwe asubuhi, basi mbali na Mandela na Morogoro Road.

Kuhusu kuchoma taka nilikwenda kuongea na mzee wa nyumba ya pili.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba. Umekuja na habari za upepo tena?”

Nikacheka, nikamwomba majani ayafukie kwenye shimo la migomba na plastiki aache kabisa kuchoma. Majani amekubali. Plastiki bado tunavutana, kwa sababu gari la taka nalo linakuja linapojisikia, na hapo sina la kumjibu.

Unyevu nao una mchango. Chembe za moshi hunywa maji ya hewani na kuvimba, zinazidi kutawanya mwanga, ndiyo maana utando wa alfajiri unaonekana mzito hivyo. Zikikauka mchana unaweza kuona anga safi wakati moshi haujapungua sana, kwa hiyo jicho peke yake lisikudanganye, pua inasaidia.

Na mvua? Masika ikinyesha ya kweli, vumbi linalala na hewa inaoshwa. Tatizo linakuja baada yake. Tope la mitaani hubebwa na matairi ya bajaji na bodaboda mpaka kwenye lami, Juni linakauka, magari yanalisaga, tunalivuta. Ukitaka ushahidi, pitisha kitambaa chenye maji kwenye nyavu za dirisha linalotazama barabara. Huhitaji kusubiri wiki kuliona. Vipindi vya maleleji, kusi na kaskazi zinapopokezana na upepo kulegea, navyo viangalie.

Utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa wengi tunausikilizia mvua tu. Sikiliza na mwendo wa upepo wa pwani. Ukitajwa hafifu, na usiku anga liko wazi, sare za shule nazianua jioni na mtoto analala chumba kisichotazama barabara.

Barakoa za kitambaa zinazuia vumbi la kuonekana, si chembe ndogo. Zinazoingia ndani kabisa ya mapafu hazizidi mikromita 2.5 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita), na Shirika la Afya Duniani tangu 2021 linashauri wastani wake kwa saa 24 usipite mikrogramu 15 katika mita moja ya ujazo wa hewa. Kwa hizo unahitaji barakoa ya N95 iliyobana vizuri usoni, na kwa mtoto mdogo kuipata inayomkaa ni kazi. Mimi nategemea zaidi dirisha, ratiba, na dawa yake ya kuvuta inayokaa kwenye begi la shule, mwalimu akijua ilipo. Ukiona mbavu zinaingia ndani kila anapovuta pumzi, au anashindwa kumaliza sentensi, mpe dawa hiyo huku mkiwa njiani kwenda hospitali.